Bi Mkwaruzo, Tangi la Kromu na Bolti za Askari wa Hifadhi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wa sehemu ya mipako katika karakana yetu ya bunduki atatundika aproni yake ya mpira kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia karakana hii miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amewaona mameneja saba wakija na kuondoka, amezima moto mara mbili kwa ndoo ya mchanga, na ameugua mara moja tu. Hata siku hiyo alikuja kazini, ili atuambie yeye mwenyewe kwamba anaumwa.

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho na mhasibu analijua. Sisi tunamwita Mama mbele yake na Bi Mkwaruzo nyuma yake, naye huitikia yote mawili. Kazi ya kuandika wasifu huu ilipigiwa kura siku ambayo mimi sikuwepo. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba mimi ndiye ninayeandika tarehe za mambo, tabia ambayo wenzangu wameicheka miaka yote mpaka wiki hii walipoihitaji.

Kwa faida ya jamaa na wageni wanaosoma ukurasa huu huku wakisubiri chakula, nieleze kwanza tunafanya nini. Bunduki za askari wa hifadhi ya wanyama zina chuma kinachoitwa bolti. Ndicho kile ambacho askari hukivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi iingie. Bolti hutembea ndani ya chuma kingine kikubwa zaidi ambacho sisi tunakiita bodi. Vyuma hivi viwili husuguana maisha yao yote. Vikiachwa vitupu, hulika, hushika kutu na hatimaye hugoma. Sehemu yetu huvivisha mpako mwembamba ili visilike, visipate kutu na visigome. Mpako wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na hatujawahi kushindwa kugombana juu yake.

Bi Mkwaruzo aliajiriwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Hakuna aliyemwomba maoni yoyote kuhusu mipako. Lakini alikuwa na kipande cha tupa kilichovunjika, chenye ncha kali, na kila chuma kilichopita mkononi mwake alikikwaruza kidogo pembeni, mahali pasipoonekana, kisha akasema, "Hii imeshika," au, "Hii haikushika." Mafundi walikasirika. Walimwambia aache kuharibu kazi za watu. Baada ya miezi michache wakaanza kumpelekea vyuma wao wenyewe, mmoja mmoja, kwa siri, kila mmoja akijifanya amepita tu hapo akielekea chooni.

Tabia hiyo hakuiacha kazini. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani na leo ameketi meza ya mbele, anasema nyumbani kwao hakuna kijiko kisicho na mstari. Siku alipomchumbia alimletea pete. Mchumba akashukuru, akaigeuza, akaikwaruza kwa ndani, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Fundi cherehani anasema jasho lilimtoka mpaka kwenye nyayo. "Ni shaba," mchumba akasema, "lakini wamepaka vizuri." Akaivaa. Anayo mpaka leo, na kwa kuwa nimeiona kwa karibu, naweza kuthibitisha kwamba wamepaka vizuri kwelikweli.

Mwaka wake wa tatu alihamishiwa kwenye meza ya bolti. Wakati huo meza ya bolti na meza ya bodi zilikuwa hazisemezani, na hakuna anayekumbuka kwa nini, ingawa wengi wanataja jiko la chai. Likaja agizo la bunduki arobaini. Meza ya bolti ikaamua kuonyesha uhodari wake, ikavisha bolti zake mpako mnene wa kromu, ule unaong'aa. Meza ya bodi nayo ikaamua kwamba haitashindwa, ikavisha bodi zake mpako mnene wa fosfeti, ule wa kijivu, na rangi juu yake. Kila upande ulipimwa peke yake na kila upande ulipita. Siku ya makabidhiano, afande wa askari wa hifadhi alisimama mbele ya meza, meneja akatoa hotuba, akachukua bunduki ya kwanza, akasukuma bolti. Haikuingia. Akachukua ya pili. Haikuingia. Ilipofika ya tano, meneja alikuwa anasukuma kwa tumbo. Tulikuwa tumetengeneza bunduki arobaini nzuri sana za kutundika ukutani.

Yeye alikuwa meza ya bolti, kwa hiyo fedheha hiyo ilikuwa yake pia, na hakuwahi kusema vinginevyo. Lakini yeye ndiye aliyekuja na dawa. Alisema kuanzia siku ile hakuna bolti itakayopakwa kabla haijaonana na bodi yake. Zitajaribiwa zikiwa tupu, zikikubaliana zitafungwa pamoja kwa waya, zitasafiri pamoja, na zitarudi pamoja. Sisi tukaliita zoezi hilo kuposa. Mgeni akiingia karakanani asubuhi na kusikia mtu akipaza sauti kwamba namba ishirini na sita amekataa mchumba, asishtuke. Ni kazi inaendelea.

Kwa sababu ya kuposa, meza mbili zikalazimika kusemezana. Mwanzoni kwa ishara, kisha kwa matusi madogo, kisha kama watu.

Alipofanywa mkuu wa sehemu alikabidhiwa chumba cha kromu. Kwa wale wasiowahi kukiona, ni kile chumba cha mwisho kwenye ujia, chenye feni kubwa dirishani na sakafu yenye mbao zilizoinuliwa ili miguu isilowe. Katikati lilikaa tangi. Bolti ziliingia humo zikiwa na rangi ya chuma kilichochoka na kutoka zikiwa kama vioo. Tulikuwa watano pamoja naye. Kulikuwa na Kikombe, ambaye hajawahi kuonekana bila kikombe chake mkononi. Kulikuwa na Dada Mizani, aliyepima dawa zetu na kupima maneno ya kila mtu. Kulikuwa na Mrefu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufikia swichi ya feni. Na nilikuwepo mimi. Tulijiona watu wa maana sana. Meneja akileta wageni, aliwaleta kwetu mwishoni, kama mtu anayeweka nyama chini ya wali. Tulijizoeza hata namna ya kusimama.

Kisha akaja Injinia na tanuri lake.

Injinia alikuwa kijana mpole aliyetumwa kwetu na kreti tatu. Ndani ya kreti mlikuwa na tanuri la gesi. Alieleza kwamba tanuri halipaki kitu juu ya chuma. Linakiingiza chuma katika gesi ya moto kwa saa nyingi mpaka ngozi yenyewe ya chuma inakuwa ngumu. Hakuna tabaka la kubanduka kwa sababu hakuna tabaka. Unene hauongezeki kiasi cha kusumbua. Na hakuna mvuke wa kromu wa kuingia mapafuni mwa watu, akasema, huku akiwatazama watu watano ambao walikuwa wakikohoa kwa zamu.

Bi Mkwaruzo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mkate linaoka?"

Kwa miaka miwili hakuliita tanuri. Aliliita jiko la Injinia. Akipita karibu nalo alivuta pumzi kwa pua na kuuliza kama wali umeiva. Alimwita Injinia "mwanangu" kwa sauti ambayo mtu humwitia mwana anayerudi nyumbani na ripoti mbaya ya shule. Sisi, kwa kuwa ni watu wenye msimamo, tulicheka kila mara. Injinia naye alimjibu, "Bado kidogo, Mama," akaendelea na kazi yake. Alikuwa akilala kwenye kiti kando ya tanuri usiku kucha kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kulitazama, na sisi tulidhani kwamba huo ni udhaifu wa tanuri.

Mwaka jana, tarehe nne Februari, meneja alimwita Bi Mkwaruzo ofisini. Askari wa hifadhi walikuwa wameagiza bolti za bunduki zao zote zivishwe upya. Bunduki zilikuwa zinagoma porini, kwenye vumbi la kiangazi na kwenye matope ya masika, na walikuwa na askari mmoja hospitalini kwa sababu hiyo. Walitaka mpako mmoja tu kwa bolti zote, na karakana nayo haikuwa na uwezo wa kuendesha tangi na tanuri kwa pamoja. Kitakachochaguliwa kitabaki. Kisichochaguliwa kitazimwa na chumba chake kitafungwa. Meneja, ambaye ni mtu mwerevu na hapendi kulaumiwa, alisema uchaguzi huo ni wa mkuu wa sehemu ya mipako.

Aliporudi alituambia yote bila kuficha. Aliposema kwamba chumba kitafungwa, Kikombe aliweka kikombe chini. Sote tulielewa hali imekuwa mbaya.

Tulimwambia kwamba jambo hilo ni rahisi. Anayechagua ni yeye, na tangi ni lake. Tulisema hivyo kwa namna nyingi. Dada Mizani alitaja ada za watoto. Mrefu alitaja mgongo wake, ambao hauwezi kuajiriwa mahali pengine. Mimi nilitaja historia. Yeye alisema atazijaribu zote mbili, bolti za kromu na bolti za tanuri, katika bodi zilezile za mpako wa kijivu wa fosfeti, na itakayokwenda na kurudi ndiyo atakayoichagua. Bodi hazikuwa na ubishi. Mpako wa kijivu una vitundu vidogo vinavyoshika mafuta, na yeye siku zote alipenda kwamba chuma kimoja kiwe kigumu na mwenzake awe mshika mafuta, maana viwili vigumu vikikutana vikavu hutafunana.

Jaribio la kwanza lilikuwa la vumbi, uani, nyuma ya ghala. Udongo mkavu ulichekechwa mpaka ukawa kama unga, feni ikaelekezwa, na kila bolti ilipaswa kuvutwa na kusukumwa kwa mkono bila kukoma. Hakukuwa na risasi, lakini kulikuwa na malengelenge. Siku iliyotangulia, sisi wanne tulikutana kwenye ujia na tukakubaliana bila kusema mengi kwamba si vibaya kuzisaidia kidogo bolti zetu. Sio kudanganya. Kusaidia. Mrefu akashika mlango, Dada Mizani akapima, Kikombe na mimi tukazipaka bolti za kromu mafuta, safi, ya kutosha, kisha tukaongeza kidogo kwa ajili ya usalama.

Naomba msomaji atufikirie. Kati yetu sisi wanne tulikuwa na zaidi ya miaka sabini ya kushughulika na vyuma vinavyosuguana. Kila mmoja wetu aliwahi kumfundisha mwingine kwamba mafuta mengi kwenye vumbi hayalainishi kitu. Hukamata vumbi, yakalikanda, yakawa kama ile dawa ya kung'arishia tunayoinunua kwa makopo. Elimu hiyo yote ilitukimbia siku tulipoihitaji.

Bolti za tanuri zilikwenda na kurudi, zikilalamika kidogo. Bolti zetu zilianza vizuri, tukakonyezana. Muda si mrefu zikaanza kusaga, kisha kukwama, na ya mwisho ikagoma kabisa ikiwa nusu ndani nusu nje, Mrefu akaivuta mpaka bodi nzima ikanyanyuka pamoja na meza. Injinia alikuwa amesimama pembeni akitazama viatu vyake.

Bi Mkwaruzo aliichukua ile iliyogoma. Aliifuta kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akakisugua kwenye kidole cha shahada. Uso wake haukubadilika.

"Nani amezipaka mafuta hizi?"

Kikombe, ambaye ana moyo laini kuliko sisi wote, akasema, "Mama, tulikuwa tunasaidia tu."

"Mmemsaidia nani?"

Kikombe akainamisha kichwa.

"Niambieni. Mimi nimebakiza mwaka mmoja tu hapa, nikitoka nimetoka. Mmemsaidia askari? Yuko peke yake kwenye majani, nyati anamjia, anavuta hiki chuma chenu. Mmemsaidia yeye?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza kama feni imezimwa, na ndiyo maana mpaka leo hakuna kati yetu anayeweza kuisimulia sehemu hii kwa utani, ingawa tumejaribu. Kisha alimgeukia Injinia, akamwambia kwamba ushindi wake wa leo haufai kitu na jaribio litarudiwa. Injinia akakohoa. Akasema kwamba aliyaona mafuta mapema asubuhi, bolti zikiwa bado kwenye trei, lakini akanyamaza kwa kuwa alijua yatamfaidi yeye.

Bi Mkwaruzo alitutazama wote watano, mmoja mmoja. "Basi nimezungukwa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Jaribio la pili lilifanywa mbele yake, bila mtu kusogelea meza. Bolti za kromu zilisafishwa, zikapakwa mafuta kiasi kile kile kama za tanuri, na zikatembea vizuri sana. Tulipumua. Kwenye vumbi, kwa kweli, hukuweza kuzitenganisha. Kikombe akarudisha kikombe chake mkononi. Bi Mkwaruzo akasema vumbi ni nusu ya habari, akazichukua bolti zote, akazichovya kwenye maji ya chumvi mfano wa jasho la mikono, akaziweka nje chini ya paa bovu la banda la baiskeli masika yote, na kila Jumatatu akazivuta na kuzisukuma mwenyewe. Mvua zilinyesha. Sisi tulikuwa tukipita banda lile mara nyingi kuliko mwenye baiskeli.

Tarehe ishirini na saba Mei aliona kitu kwenye kona ya bolti mojawapo ya kromu, pale kwenye jino linalobeba nguvu yote bunduki inapofyatuliwa. Aliipeleka kwenye mwanga. Aliigusa kwa ncha ya tupa, taratibu. Kikabanduka kigamba kimoja cha kromu, chembamba, kinachong'aa, mfano wa gamba la samaki mdogo. Chini yake kutu ilikuwa imeshaanza kutembea. Akaitazama ya pili, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Za tanuri zilikuwa zimefifia tu.

Alikiweka kile kigamba kwenye kiganja na kukaa nacho. Ninajua, kwa kuwa nilikuwa mlangoni, kwamba alikaa nacho muda mrefu. Lile lilikuwa tangi lake. Alikuwa amelipa tangi lile miaka yake mizuri na sehemu ya mapafu yake. Kama angekipuliza kigamba kile kikaanguka kwenye mbao za sakafu, hakuna ambaye angekiona tena, na mimi, nakiri, nilisimama pale nikimwombea apige chafya.

Hakukipuliza. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa meneja, akakiweka juu ya meza, akasema kromu imeshindwa, na kwamba amechagua tanuri.

Meneja alimshukuru, akaanza kuzungumzia kufunga chumba. Hapo ndipo Bi Mkwaruzo alipovuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile kwa mameneja saba. Dada Mizani, ambaye kwa bahati alikuwa akipima kitu karibu sana na mlango, ndiye aliyetuletea habari. Mama alisema kwamba amechagua mpako na hajachagua kufukuza watu. Atatia sahihi siku majina ya watu wake wanne yatakapokuwa kwenye zamu za tanuri. Meneja akasema tanuri linahitaji watu wawili. Mama akasema linahitaji wawili mchana na wawili usiku, na kama meneja anabisha akamuulize kijana anayelala kwenye kiti. Injinia aliitwa. Aliulizwa kama ni kweli tanuri linahitaji watu wanne. Kwa miaka miwili alikuwa ameendesha tanuri lile peke yake, na miaka miwili hiyo sisi wanne tulikuwa tumemcheka.

"Wanne ni wachache, Meneja," akasema, "lakini tutajitahidi."

Kwa hiyo tukaanza shule. Mwanafunzi wa kwanza kufika alikuwa Bi Mkwaruzo mwenyewe, na daftari, ingawa alikuwa amebakiza mwaka mmoja na hakuna aliyemtaka ajifunze. Alisema hawezi kuwatumbukiza watu wake mahali ambapo hajaingiza mguu. Alimwambia Injinia, mbele yetu, kwamba alimcheka miaka miwili kwa kitu asichokijua na kwamba anaomba aanze kufundishwa kuanzia mwanzo, polepole, kama mtu mzima mwenye kichwa kigumu. Akaacha kumwita mwanangu kwa sauti ile. Siku hizi anamwita mwanangu kwa sauti nyingine.

Sisi tulikuwa wanafunzi wa kawaida, yaani wabaya. Fungu la kwanza liliharibika kwa kuwa Kikombe alifungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, kutazama, kama mtu anavyofunua sufuria. Bolti zilitoka na madoa ya buluu na zambarau. Mrefu alisema zinapendeza. Injinia alikaa chini. Mimi niliweka fungu la pili upande wa juu chini, na fungu la tatu nililiweka sawasawa lakini nikasahau kufungua gesi, kwa hiyo kwa saa nyingi nilizipasha moto bolti bure, na zilitoka zikiwa na joto na bila faida nyingine yoyote. Mama alituambia kwamba hatukuwa na akili hivi hata siku za kromu, ila kromu ilikuwa inatufichia.

Tulijifunza hatimaye. Bolti zote za askari zimetoka kwenye tanuri, nyeusi, zisizo na ung'avu wowote wa kuringia wageni, kila moja ikiwa imefungwa kwa waya na bodi yake. Masika ya mwaka huu yalipokwisha, afande wa askari wa hifadhi alikuja. Ni mtu wa maneno machache, hata salamu hukata nusu. Alisimama katikati ya karakana akasema hakuna bunduki iliyogoma. Kisha akaongeza kwamba mwezi uliopita askari wake mmoja alikutana na nyati kwenye njia nyembamba, akavuta bolti, ikarudi, akafyatua hewani, nyati akageuka. Akasema askari huyo ana mke mjamzito. Akavaa kofia akaondoka. Bi Mkwaruzo alisema kuna vumbi, akaingia stoo, akakaa huko mpaka vumbi likaisha.

Tangi lilikuja kuchukuliwa na wataalamu wa kubeba dawa za sumu, waliovaa vinyago na kutuuliza kwa mshangao kama kweli sisi tulikuwa tukifanya kazi humo bila kuvaa vitu hivyo. Tulisema ndiyo, kwa fahari kidogo, mpaka tulipoona wanavyotutazama. Kukohoa kwa zamu kumepungua. Mrefu anadai ameanza kulala chali.

Kuanzia wiki ijayo mama yetu atakuwa dukani kwa mume wake. Fundi cherehani ameshatuomba tumwombe mkewe asiguse vifungo vya makoti ya wateja, maana vingi ni vya kupakwa. Tumemfikishia ombi hilo. Amesema ataona.

Mama, ulituongoza sisi wanne ambao ulipokuwa unaamua haki ya bolti tulikuwa nyuma yako na chupa ya mafuta. Ungeweza kuchagua tangi lako na kila mtu hapa angekupigia makofi. Ungeweza kuchagua tanuri na kutuacha barabarani, na pia ungekuwa sawa, maana tulistahili. Ulichagua kilicho bora kwa askari, kisha ukaketi ofisini kwa meneja mpaka kikawa bora kwetu pia.

Jumatatu ijayo saa moja asubuhi, Kikombe na Mrefu wataingia zamu ya mchana. Jioni tutaingia Dada Mizani na mimi. Sote wanne tuna kazi. Tumetafuta zawadi ya kukupa iliyo kubwa kuliko taarifa hiyo na hatukuipata, kwa hiyo tumenunua saa ya ukutani.

Asante, Mama, kwa niaba ya meza ya bolti, meza ya bodi, Injinia, na askari ambao hatuwajui. Nenda ukastarehe kwa afya na furaha, wewe na wa nyumbani mwako. Mlango wa tanuri hatutaufungua kabla ya wakati.